Mleta unga haingii jikoni: kazi ya msimamizi wa vifurushi wa lugha ya programu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili hapa Mwanza tumeandika lugha ndogo ya programu ambayo maneno yake yote ni ya Kiswahili. Wanafunzi wameanza kuitumia, na sasa kila mmoja anauliza atapata wapi maktaba (msimbo wa kutumia tena) zilizoandikwa na wengine. Mwenzangu mmoja anataka tutengeneze msimamizi wa vifurushi, yaani programu ya kuleta maktaba hizo, anayefanya kila kitu: apakue, ajenge, apime, asakinishe hata lugha yenyewe, na kila maktaba iweze kuendesha msimbo wake wakati inasakinishwa. Mwingine anasema tusijisumbue, watu wanakili mafaili kwa mkono. Mimi niko katikati. Msimamizi wa vifurushi afanye nini, na asifanye nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na poleni na kazi. Lugha ikishapata watu wanaouliza maktaba ziko wapi, ujue imeanza kuishi.

Hao wenzako wawili kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na nitawarudia wote. Ila kabla ya kuandika mstari wowote, fikirini ofisi ya vifurushi ya mabasi. Unataka kumtumia mama mzigo kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza. Karani anaandika jina la mpokeaji, anabandika namba, anakupa risiti. Kesho yake mama anafika stendi na ile namba, anapewa mzigo uleule, haujafunguliwa. Karani hakukuchagulia cha kutuma. Hakutoa kitenge ulichonunua akaweka kingine kwa sababu kimeingia kipya dukani. Wala hakumfuata mama hadi nyumbani kuupanga mzigo kabatini. Msimamizi wa vifurushi ni huyo karani, na makosa makubwa niliyoyaona katika lugha nyingine yalitokea pale karani alipofanya zaidi ya hapo, au pale aliposahau kuandika risiti.

Nianze na risiti, kwa sababu imenigharimu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunahamishia mfumo wa chama kimoja cha kuweka na kukopa kwenye seva mpya. Orodha ya maktaba ilikuwa ileile, msimbo wetu uleule, na kwenye kompyuta yangu kila kitu kilikuwa sawa. Kwenye seva mpya tarehe za marejesho zikaanza kusoma mwezi mahali pa siku. Tulitafuta siku mbili. Orodha yetu ilisema tunataka maktaba ya tarehe "toleo la 2 au jipya zaidi". Kompyuta yangu ilikuwa imechukua la zamani miezi mingi nyuma, seva ikachukua lililotoka wiki ile. Hakuna aliyegusa msimbo. Ulibadilika wenyewe kwa sababu hakukuwa na mahali palipoandikwa ni toleo gani hasa tulilolipokea.

Kwa hiyo mnahitaji mafaili mawili, na msiyachanganye. La kwanza ni la matakwa, binadamu analiandika: nataka maktaba hii, kuanzia toleo hili. La pili analiandika msimamizi mwenyewe, nalo ndilo risiti: nimechukua toleo hili kamili, nimelitoa hapa, na alama yake ya hesabu, namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo na inayobadilika hata herufi moja ikibadilika, ni hii. Watu wengi huliita faili la kufuli. Bundler, msimamizi wa vifurushi wa lugha ya Ruby, ililileta mwaka 2010 kwa jina la Gemfile.lock, na jamii ya Ruby ikaacha kubishana kuhusu "kwangu inafanya kazi". Upande wa lugha ya JavaScript walichelewa: msimamizi aitwaye Yarn alitoka Oktoba 2016 akiwa na faili la kufuli tangu mwanzo, na npm, msimamizi mkongwe mwenye ghala lake la maktaba, ikafuata na package-lock.json katika toleo la 5, mwaka 2017. Katikati hapo watu wengi sana walipoteza usiku kama nilivyopoteza mimi.

Alama ya hesabu nayo msiiahirishe. Kokotoeni alama ya kifurushi kizima kwa njia iitwayo SHA-256, iandikwe kwenye risiti, na kila kifurushi kikiingia kikokotolewe upya. Isipolingana, simamisheni kazi papo hapo. Msitoe onyo halafu mkaendelea. Lugha ya Go ilikwenda hatua moja mbele mwaka 2019, kwenye toleo 1.13: kuna daftari la wazi la alama za matoleo yote, ambalo kompyuta ya kila mtu inalirejelea, kwa hiyo mwenye maktaba hawezi kukuletea wewe msimbo tofauti na alioniletea mimi chini ya namba moja ya toleo. Ninyi hamhitaji daftari hilo leo. Mnahitaji tu kuacha nafasi yake.

Risiti bila ghala linalotunza mizigo haina maana, na hapa kuna kisa kinachopaswa kujulikana na kila anayejenga kitu kama hiki. Tarehe 22 Machi 2016, Azer Koçulu aliondoa maktaba zake zote kwenye npm, zaidi ya 250. Kampuni iitwayo Kik ilikuwa imelidai jina la mojawapo, na wasimamizi wa npm wakaipa. Miongoni mwa zilizoondoka ilikuwamo left-pad: mistari 11, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Babel, chombo cha kutafsiri msimbo wa JavaScript, ilikuwa inaitegemea kupitia maktaba nyingine, na kupitia Babel, maelfu ya miradi ya watu ambao hawakuwahi kulisikia jina hilo. Ujenzi ukaanza kukwama dunia nzima. Baada ya saa chache npm iliirudisha, kisha ikabadilisha kanuni: siku hizi huwezi kuondoa kifurushi ambacho vifurushi vingine vinakitegemea.

Mimi namtetea Koçulu kwa jambo moja: msimbo ulikuwa wake na alikuwa na haki ya kukasirika. Kosa lilikuwa la ghala lililoruhusu hasira ya mtu mmoja ifike kwenye kompyuta za wasiohusika. Fanyeni kama lugha ya Rust. Kwenye ghala lake, crates.io, mwandishi anaweza kulitia toleo alama kwamba lisichukuliwe tena. Mradi mpya hautalipata, lakini ambao tayari wanalo kwenye risiti wataendelea kulipokea kama kawaida. Toleo likishatoka halibadilishwi, hata kwa herufi moja. Mwandishi akikosea, atoe toleo jingine. Kuondoa kabisa kubaki kwa msimbo wa hila na siri zilizovuja, na hata hapo jina lisigawiwe kwa mtu mwingine.

Sasa nije kwa ombi la mwenzako wa kwanza, la maktaba kuendesha msimbo wake wakati inasakinishwa. Hapa nitakuwa mkali kuliko kwingine kote: msiruhusu. Aliyekuletea unga haingii jikoni kusonga ugali. Akitaka kuingia, muulize anataka nini humo.

Nguvu hii inaonekana ndogo mpaka uifikirie vizuri. Mwanafunzi anaandika amri moja ya kupakua maktaba ya kuchora chati. Maktaba hiyo inategemea nyingine 4, nazo zinategemea nyingine 30. Kila moja kati ya hizo, kama ina ruhusa ya kuendesha msimbo wakati wa kusakinishwa, inaweza kusoma faili lolote ambalo mwanafunzi huyo anaweza kulisoma: nywila zake, funguo zake za seva, picha zake. Yote haya kabla hajaandika hata mstari mmoja wa kuitumia maktaba yenyewe. Mwaka 2017 mtu aliweka kwenye npm kifurushi kiitwacho crossenv, akitegemea wanaokosea kuandika cross-env. Kilifanya kazi iliyotarajiwa, na pembeni, wakati wa kusakinishwa, kilituma vigeu vya mazingira vya kompyuta ya mhusika kwa mtu mwingine. Vigeu hivyo mara nyingi ndiko watu wanakohifadhi funguo. Septemba 2025 mambo yakawa mabaya zaidi: mnyoo (programu ya hila inayojisambaza yenyewe) ulioitwa Shai-Hulud ulitumia mlango huohuo wa usakinishaji kuiba funguo za waandishi wa maktaba, kisha ukatumia funguo hizo kutoa matoleo mapya yenye mnyoo kwenye maktaba za wale walioibiwa. Vifurushi vilivyoambukizwa vilihesabika kwa mamia.

Wenye vyombo wamekuwa wakijifunza taratibu. Toleo la 10 la pnpm, msimamizi mwingine wa JavaScript, la Januari 2025, limeuzima mlango huo. Mtumiaji anataja mwenyewe maktaba anazoziruhusu. Go haikuwahi kuufungua: kuleta na kujenga msimbo hakupaswi kuendesha msimbo ulioletwa, na wao wakiona njia inayolivunja hilo wanaihesabu kuwa kasoro ya usalama.

Mwenzako atasema: je, maktaba yenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C? Hizo lazima zijengwe. Ni kweli, na ni hoja nzito. Python iliteseka nayo miaka mingi, kwa sababu faili la setup.py lilikuwa programu kamili inayoendeshwa ili tu kujua maktaba inataka nini. Jibu walilolipata ni kifurushi kilichokwisha kujengwa, kinachoitwa wheel: mwandishi anajenga kwake mara moja kwa kila aina ya kompyuta, na mpokeaji anafungua tu na kuweka. Anzeni na maktaba zilizoandikwa kwa lugha yenu tupu. Zenye C zikija, wekeni njia ya wheel.

Lakini msije mkawaambia wanafunzi kwamba kwa kufunga mlango huu wako salama. Mwaka 2018 mtunzaji aliyechoka wa maktaba ya event-stream alimkabidhi kazi mtu aliyejitolea kumsaidia, na mtu huyo akaongeza tegemeo lenye msimbo wa siri uliolenga pochi ya bitcoin iitwayo Copay. Haukuhitaji mlango wa usakinishaji; ulikaa ndani ya maktaba yenyewe. Karani wa mabasi hawezi kujua kama mtumaji ni mwema. Anachoweza ni kuandika nani ametuma, lini, na kwamba mzigo haukuguswa njiani. Hilo ni kubwa, na lifanyeni vizuri, ila msiliite kinga.

Kuhusu kuchagua matoleo, nina ushauri ambao wengine wa taaluma yangu wataupinga. Maktaba A inataka M kuanzia 1.2. Maktaba B inataka M kuanzia 1.4. Ghalani M imefika 1.9. Wasimamizi wengi watakupa 1.9. Go inakupa 1.4, yaani toleo dogo kuliko yote linalowatosheleza wote, na hiyo ndiyo njia aliyoipigania Russ Cox wa timu ya Go hadi ikaingia Go 1.11 mwaka 2018. Mimi naipenda kwa ajili yenu kwa sababu mbili. Kwanza, 1.4 ndiyo ambayo mwandishi wa B aliijaribu kweli, 1.9 hakuna kati yao aliyeahidi kuiona. Pili, ni rahisi kuiandika. Kutafuta mchanganyiko wa matoleo mapya zaidi yanayopatana, pale maktaba zinaporuhusiwa kusema "lisizidi hili", ni tatizo gumu kwa maana ya kihesabu: linaweza kuilazimisha kompyuta kujaribu michanganyiko isiyoisha leo. Hata pip, msimamizi wa vifurushi wa Python, ilikaa bila msuluhishi kamili wa matoleo hadi toleo 20.3, mwishoni mwa 2020. Ninyi ni watatu. Msiuchukue mzigo huo.

Gharama yake ni hii: marekebisho ya usalama hayaji yenyewe. Desemba 2021, tundu la usalama la Log4j, maktaba ya lugha ya Java, lilipotangazwa, kila mwenye mfumo unaoitumia alipaswa kupandisha toleo upesi. Kwa hiyo mpeni mtumiaji amri ya kuona kilichopitwa na wakati, na amri ya kupandisha. Msimamizi aseme, binadamu aamue. Asipandishe chochote kimyakimya mtu anapojenga mradi wake asubuhi.

Na matakwa yakigongana, elezeni. Hapa ndipo mnaweza kuwapita wakubwa. Watu wa lugha ya Dart walipata njia iitwayo PubGrub mwaka 2018, iliyobuniwa na Natalie Weizenbaum, ambayo uzuri wake ni kueleza kwa sentensi za kawaida kwa nini suluhisho halipo. Ninyi mna nafasi ya kufanya hivyo kwa Kiswahili safi: "Umeomba chati toleo la 3, lakini ripoti toleo la 1 inataka chati toleo la 2. Hakuna toleo la ripoti linalokubali chati toleo la 3. Chagua moja." Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisoma hivyo anaelewa. Nimewaona vijana wenye akili wakikata tamaa na programu kwa sababu ya kurasa mbili za makosa ambazo hata mimi sizielewi kwa haraka.

Mwenzako wa pili, wa kunakili mafaili kwa mkono, usimdharau. C imeishi zaidi ya miaka 50 bila msimamizi rasmi wa vifurushi. Kinachomshinda ni risiti: faili lililonakiliwa halisemi limetoka wapi wala ni toleo gani. Lakini anajua kitu ambacho wabunifu wengi wanaokaa kwenye intaneti isiyokatika hawakijui. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku hizo niliwaona watengeneza programu wenye msimbo wote kwenye kompyuta zao wakishindwa kujenga, kwa sababu chombo chao kiling'ang'ania kuuliza ghala la ng'ambo jambo ambalo tayari kilikuwa na jibu lake. Na hata mikongo ikiwa mizima, bando lina bei.

Kwa hiyo kufanya kazi bila mtandao kuwe hali ya kawaida. Kama risiti ipo na mizigo yote iko kwenye akiba ya kompyuta, msimamizi asiguse mtandao hata kidogo. Akiba iwe moja kwa kompyuta nzima, na kila mradi uunganishwe nayo, kama pnpm inavyofanya, ili maktaba moja isipakuliwe mara 10 kwa miradi 10. Kisha wekeni amri ya kumwaga mategemeo yote ndani ya folda ya mradi, kama `go mod vendor` na `cargo vendor`, ili mwalimu aweze kubeba somo zima kwenye flashi hadi shule ambayo haina intaneti. Mwenzako ataipenda amri hiyo, na ninyi wengine mtaishukuru.

Mradi ukae ndani ya folda yake. Msimamizi wa lugha hana ruhusa ya kugusa mafaili ya mfumo wa kompyuta, wala asimwombe mtu nywila ya msimamizi mkuu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Python walisakinisha maktaba kwa `sudo pip` na kuvuruga programu ambazo Linux yenyewe ilizitegemea, mpaka Debian 12, aina mojawapo ya Linux, mwaka 2023, ikaanza kuikatalia pip kuandika humo. Usakinishaji wa lugha yenyewe uwe programu nyingine. Rust wana rustup kwa lugha na Cargo kwa maktaba, na sijasikia anayelalamika kwamba ni mbili. Kupima na kupanga msimbo kunaweza kuitwa kwa amri ileile moja ili mtumiaji asihangaike, mradi ndani yake ziwe programu zilizotengana.

Majina: tumieni jina la mwenye maktaba likifuatiwa na la maktaba, tangu siku ya kwanza. Majina matupu yanaisha haraka, na ugomvi wa left-pad ulianzia kwenye jina. Halafu faili la matakwa litaje kila maktaba inatoka ghala gani. Msitafute kwenye maghala mawili na kuchukua penye namba kubwa zaidi. Februari 2021 Alex Birsan alieleza jinsi alivyoingiza msimbo wake, kwa nia ya utafiti, ndani ya kampuni kama Apple, Microsoft na PayPal: aliweka kwenye maghala ya wazi vifurushi vyenye majina sawa na ya vifurushi vyao vya ndani, akavipa namba kubwa ya toleo, na vyombo vyao vikavikimbilia.

Ghala lenyewe lisiwatishe. Hamhitaji seva ya kulipia. Orodha ya Cargo ilikaa miaka mingi ndani ya hazina moja ya git, chombo cha kutunza mabadiliko ya msimbo: faili la maandishi kwa kila maktaba, likitaja matoleo na alama zake za hesabu. Fanyeni hivyo. Mtu akitaka kuongeza maktaba, analeta badiliko, mmoja wenu analisoma, analikubali. Katika maktaba 50 za mwanzo mtazisoma zote kwa macho yenu, na hilo ni jambo ambalo npm haiwezi tena kulifanya.

Anzeni na amri nne: `ongeza`, `leta`, `pandisha`, `mwaga`. Mkimaliza `leta`, jaribuni hivi: chukueni mradi wenye maktaba tatu, ulete ukiwa na mtandao, futeni folda yake yote isipokuwa msimbo, matakwa na risiti, zimeni data, kisha muendeshe `leta` tena. Ikirudisha kila faili kama lilivyokuwa kutoka kwenye akiba, badilisheni herufi moja ndani ya akiba mrudie. Safari hiyo inapaswa kukataa na kutaja ni kifurushi kipi. Ikikataa vizuri, nitumieni msimbo wake niusome.